SOMO: Nyufa katika ukuta wa matofali, na jinsi ya kuzitengeneza

Mafungu ya kusoma nyumbani kabla ya somo: Walawi 14:33-48, Yeremia 28 na 29:1-14, Isaya 30:12-14, Ezekieli 13:10-16, Nehemia 3.

Somo letu safari hii linahusu ukuta. Katika mahubiri ukuta hutajwa mara nyingi kama mfano, lakini hapa tutasema juu ya ukuta wenyewe, ule ambao watoto wanalala wakiuegemea usiku mvua inaponyesha. Nyumba nyingi katika makazi zimejengwa kwa matofali mabichi ya udongo, chache kwa matofali ya kuchoma, na ni shida kupata hata moja isiyo na ufa. Nyufa nyingine hazina neno. Nyingine zinaua. Tunataka kujifunza kuzitofautisha, kuzitengeneza zile tunazoziweza, na kutoka haraka ndani ya nyumba yenye zile tusizoziweza.

Nyumba ya ugenini

Kwanza tujibu neno ambalo tunalisikia kila mara: "Hapa si kwetu. Mwakani tutarudi, au majina yetu yatatoka tupelekwe ng'ambo. Kwa nini nipoteze nguvu kwenye nyumba ya ukimbizini?" Neno hili halikuanzia kwetu. Katika Yeremia 28 nabii Hanania aliwatangazia watu kwamba mambo ya Babeli yatakwisha katika muda wa miaka miwili, na mateka watarudi. Hata Yeremia aliitikia amina, maana naye alitamani iwe hivyo. Lakini haikuwa hivyo. Ndipo katika sura ya 29 akawaandikia wale waliochukuliwa: jengeni, kaeni katika nyumba hizo, limeni bustani, oeni na kuozesha. Muda aliowapa ulikuwa miaka 70.

Tuangalie jambo moja ambalo wasomaji wengi hulipita. Ahadi ya kurudishwa nyumbani imo katika barua hiyo hiyo, mstari wa 10, mistari michache tu baada ya agizo la kujenga. Mungu hakuona kwamba mambo hayo mawili yanapingana. Mama anayekanda udongo leo ili azibe ufa wa chumba cha watoto hajasahau Uvira wala Makamba.

Tena, nchi ile ya Babeli ilikuwa nchi ya matofali. Mawe yalikuwa adimu, kama Mwanzo 11:3 inavyoonyesha. Ezekieli alikaa na wahamishwa wenzake Tel-abibu, karibu na mto Kebari, na katika sura ya 4 anaambiwa achukue tofali na kuchora juu yake mji wa Yerusalemu. Katika sura ya 12 anatoboa ukuta wa nyumba kwa mkono wake jioni, akiwa na mzigo wake begani, ili kuwaonyesha watu jinsi mtu anavyokwenda uhamishoni. Mtu aliyewahi kuishi katika nyumba ya matofali mabichi haoni ajabu kwamba mkono uliweza kutoboa.

Kuhani na nyumba yenye doa

Walawi 14 ni sura ambayo huwa tunairuka. Inahusu pigo la ukoma katika kuta za nyumba, na kwa desturi zetu tunadhani haituhusu. Lakini isome kama fundi. Mwenye nyumba anaona alama ukutani. Hajui ni nini, kwa hiyo anakwenda kumwambia kuhani kwamba anaona kitu kama pigo. Hasemi kwa uhakika, anasema anaona kitu. Kabla kuhani hajaingia, anaagiza vyombo vyote vitolewe nje. Kisha anaangalia kama alama imeingia ndani kupita uso wa ukuta, au iko juu juu tu. Halafu habomoi, wala hapaki kitu. Anafunga nyumba siku 7, na siku ya saba anarudi kutazama kama alama imeenea.

Ikiwa imeenea, mawe yaliyoharibika yanatolewa na kutupwa nje ya mji, ukuta unakwanguliwa ndani pande zote, yanawekwa mawe mengine, na nyumba inapigwa lipu upya. Pigo likirudi baada ya hayo yote, nyumba inabomolewa: mawe, miti na udongo. Pigo likikoma, nyumba ni safi na watu wanarudi kukaa.

Huo ndio utaratibu wa mafundi mpaka leo: toa watu na vitu, angalia kina, weka alama, subiri, rudi, ondoa kilichooza, jaza kipya, na kama haiwezekani, bomoa. Watu wetu wengi huanza na hatua ya mwisho au ile ya kabla yake. Ama wanapaka, ama wanasema nyumba imekwisha. Ile ya kusubiri na kurudi kutazama inasahaulika.

Kuusoma ufa

Ufa unaeleza chanzo chake kwa umbo lake. Simama mbali kidogo na ukuta, asubuhi au jioni jua linapoupiga kwa upande, maana wakati huo hata ufa mwembamba unaonekana.

Nyufa ndogo ndogo zilizosambaa kwenye lipu kama utando wa buibui, ni lipu iliyokauka upesi mno au yenye udongo wa mfinyanzi mwingi. Tofali lililo nyuma ni zima. Ukiligonga kwa kidole na ukasikia sauti ya uwazi, lipu imeachana na ukuta, itatoka. Hakuna hatari kubwa.

Ufa unaopanda kwa mshazari kama ngazi, ukifuata viungo kati ya matofali, una habari nyingine. Hapo msingi umezama upande mmoja. Tazama upana wake: ukiwa mpana juu na mwembamba chini, mara nyingi ni mwisho wa nyumba, yaani kona, unaozama. Ukiwa mpana chini, ni katikati ya ukuta ndipo panapozama. Ukijua hivyo, utajua pa kwenda kutafuta maji yanayoingia chini.

Ufa unaoanzia kwenye kona ya juu ya dirisha au mlango ni habari ya linta. Ama hakuna kitu juu ya tundu, ama mti uliowekwa ni mfupi. Katika ukuta wa matofali mabichi mti huo unapaswa kuingia ukutani angalau sentimita 25 kila upande. Wengine huweka kijiti kinachoshika sentimita 5 tu, na uzito wote wa juu unakaa pale penye ncha.

Ufa wima kwenye kona, ambapo kuta mbili zinaonekana kama zimeachana, unaonyesha kwamba matofali hayakupishana wakati wa kujenga. Kuta mbili zilijengwa kila moja peke yake zikagusana tu. Hili linaonekana sana mahali ambapo chumba kimeongezwa baadaye familia ilipokua.

Mbaya kuliko zote ni ufa wa mlalo ukuta ukiwa umetoa tumbo. Hapa twende Isaya 30:13. Nabii anasema dhambi ya watu wake itakuwa kama mahali palipopasuka na kufura katika ukuta mrefu, ambao kuanguka kwake kunakuja kwa ghafla. Isaya alijua kuta. Kufura kunatangulia, kunaweza kukaa miezi, watu wanazoea kupita karibu, kisha ukuta unaanguka kwa mara moja bila kutoa nafasi ya kukimbia. Ukiona tumbo, usikae na kulijadili. Toa watoto usiku huo huo.

Vipimo vya mkono

Huhitaji vyombo vya gharama. Ufa usioingiza kitu chochote zaidi ya uzi, utatengeneza kwa nafasi yako. Ufa unaoingiza njiti ya kiberiti, tafuta chanzo chake kabla ya mvua. Ufa unaoingiza penseli, ita fundi, na paa liwekewe nguzo za kulishika kwa muda. Ufa unaoingiza kidole gumba, watu wasilale chumba hicho.

Kisha funga jiwe kwenye kamba na uliteremshe kutoka juu ya ukuta. Hilo ndilo timazi, chombo alichokiona Amosi katika maono yake sura ya 7. Ukuta ulionyooka unafuata kamba. Ikiwa juu na chini zimepishana kwa zaidi ya upana wa vidole vitatu, usihangaike kuziba nyufa. Ukuta huo unashushwa kwa utaratibu kutoka juu na kujengwa upya, na kazi hiyo si ya watoto.

Ufa unaotembea na ufa uliolala

Ufa wa zamani uliokwisha tulia unazibwa na mambo yanaisha. Ufa ambao bado unatembea ukiuziba leo, utafunguka kando ya mahali ulipoziba. Kwa hiyo fanya kama kuhani. Chora mstari mdogo wa penseli kwenye ncha mbili za ufa, uandike tarehe. Kisha pigilia misumari miwili midogo, mmoja kila upande wa ufa, na ukate kijiti kinachokaa barabara kati yao bila kulegea. Acha wiki tatu au nne. Kijiti kikianguka, ufa unapanuka. Kikibanwa mpaka kipinde, unajifunga. Ncha ya ufa ikipita mstari wako wa penseli, unarefuka.

Mahali penye udongo mweusi au wa mfinyanzi, nyufa nyingi hupanuka wakati wa kiangazi na kujifunga wakati wa masika, kwa sababu udongo wenyewe unanywa maji na kuvimba, kisha unakauka na kusinyaa. Ufa wa namna hiyo usijazwe kitu kigumu kama saruji (wengi wetu tuliotoka ng'ambo ya ziwa tunaiita sima). Udongo ukivimba tena, ule ugumu utasukuma matofali pembeni.

Chanzo kwanza

Adui wa kwanza ni maji. Nyumba nyingi hapa zina paa fupi, maji yanadondoka karibu na ukuta, matone yanaruka na kula matofali ya chini. Baada ya misimu miwili ukuta umekuwa mwembamba chini na mzito juu. Kama unaweza kuongeza paa, litoke nje ya ukuta kama sentimita 60. Kama huwezi, jenga kibaraza cha udongo ulioshindiliwa kuzunguka nyumba, kikiinamia nje, na chimba mfereji mdogo wa kupeleka maji mbali. Usiupeleke kwa jirani. Magomvi mengi yanayofika kwa wazee wa kanisa wakati wa mvua yanaanza na mfereji.

La pili ni mashimo. Tunachimba udongo wa matofali pale pale uani kwa sababu kuubeba ni kazi. Shimo lililo karibu na ukuta linanyang'anya msingi ule udongo unaoushikilia kwa pembeni, na likijaa maji linalowesha chini ya nyumba kwa miezi. Shimo liwe mbali na ukuta angalau mara mbili ya kina chake, na zaidi ukiweza. Likishamaliza kazi lifukiwe. Mashimo ya matofali yamezamisha watoto, tena ndiko mbu wanakozaliana.

Mchwa nao tusiwasahau. Wanapanda ndani ya ukuta wa udongo wakitafuta miti ya paa na ya linta. Mti wa linta ukiliwa kwa ndani unabaki ganda, na ufa juu ya mlango unatokea bila sababu ya kuonekana. Uchome kwa msumari: ukiingia kwa urahisi, badilisha mti kwanza.

Chokaa juu ya ukuta mbovu

Ezekieli 13 ina habari ya watu waliojenga ukuta dhaifu na wengine wakaja kuupaka chokaa juu ili uonekane imara. Mvua kubwa ikaja, na mawe ya barafu, na upepo, ukuta ukaanguka mpaka msingi wake ukaonekana, nao waliopaka wakaulizwa iko wapi ile chokaa yao. Nabii alikuwa akiwasema manabii waliotangaza amani mahali pasipo na amani. Alichagua mfano huu kwa sababu wasikilizaji wake walikuwa wameona jambo hilo kwa macho.

Nasi tunaliona. Wageni wanapotazamiwa, au wakati wa harusi, nyufa zinafunikwa kwa lipu nyembamba na kupakwa chokaa nyeupe, na nyumba inapendeza. Kupendeza si dhambi. Shida ni kwamba baada ya hapo hakuna anayeuona ufa ukikua. Kwa sababu hiyo, ufa ambao haujatengenezwa ni heri ubaki wazi. Na afisa au mtu wa shirika akija kuandika nyumba zilizo hatarini, muonyeshe ufa. Usiufiche kwa aibu.

Kuziba ufa katika ukuta wa matofali mabichi

Fanya kazi hii mwanzoni mwa kiangazi, ili udongo upate muda wa kukauka kabla mvua hazijarudi.

Tumia udongo uliofanana na ule wa matofali. Ulio bora ni wa matofali ya nyumba hiyo hiyo yaliyovunjika: yaponde na kuyaloweka siku mbili. Kama unatumia udongo mwingine, ujaribu kwanza. Ukande uwe kama unga wa chapati, uviringishe kuwa kijiti kinene kama kipini cha jembe, ukisukume polepole kipite ukingo wa meza. Kikikatika kabla hakijafika sentimita 5, udongo una mchanga mwingi. Kikifika zaidi ya 15 bila kukatika, mfinyanzi ni mwingi, na ukijaza ufa kwa udongo huo utasinyaa na kukuachia nyufa mbili badala ya moja. Ongeza mchanga. Changanya na majani makavu yaliyokatwakatwa urefu wa kifundo cha kidole, yanashika udongo usipasuke.

Sasa fungua ufa. Wengi hushangaa wakiambiwa wapanue kile wanachotaka kukifunga, lakini udongo hauwezi kuingia mahali ambapo kidole hakiingii. Tumia tindo au panga kuukuu, panua ufa kwa upole uwe mpana ndani kuliko nje kama inawezekana, ili kujazo lisitoke. Ondoa kila kilicholegea, fagia vumbi kwa brashi au kifagio cha mkono. Nyunyiza maji mpaka ukuta uwe na unyevu, lakini usiteremke maji. Hapa ndipo kazi nyingi huharibika: udongo ukiwekwa juu ya ukuta mkavu, ukuta unanyonya maji yote kwa dakika chache na kujazo halishiki.

Jaza kwa udongo mgumu kidogo, wenye maji machache, ukiushindilia kwa kijiti tabaka kwa tabaka kutoka ndani kuja nje. Katika ufa mpana ongeza vipande vya matofali. Usijaze mpaka usawa wa ukuta siku ya kwanza. Acha kama kina cha kidole, subiri siku kadhaa, utaona nyufa nyembamba pembeni. Loweka tena, malizia. Ndipo upige lipu ya udongo juu, na ukichanganya samadi ya ng'ombe katika lipu hiyo inastahimili mvua zaidi.

Kwa ufa wa kona, kujaza peke yake hakutoshi. Kila baada ya kozi nne au tano toa tofali linalogusa ufa na uweke tofali zima linalovuka pande zote mbili. Anza juu au chini upendavyo, lakini toa tofali moja kwa wakati, na usifungue tundu lingine kabla la kwanza halijakauka.

Wengi huuliza kama saruji haiwezi kuwa bora kwa ukuta wa udongo, kwa kuwa ni ghali na ina nguvu. Haifai. Saruji na udongo haviendi pamoja. Ukuta wa udongo unapumua, unapokea unyevu na kuutoa. Lipu ya saruji inazuia unyevu usitoke, ukuta unalainika nyuma yake bila mtu kuona, na siku moja lipu inatoka kama ganda na nusu ya tofali ikiwa imeshikamana nayo.

Matofali ya kuchoma

Kwa wenye nyumba au kanisa la matofali ya kuchoma yaliyojengwa kwa saruji, kwanza uliza ofisi ya makazi kama ukarabati wa saruji unaruhusiwa, maana si kila mahali panaruhusiwa. Kwangua viungo vilivyopasuka kwa kina cha sentimita 2 au zaidi, toa vumbi, lowesha vizuri. Mchanganyiko uwe ndoo moja ya saruji kwa ndoo sita za mchanga safi, ndoo ikiwa ile ile. Kama una chokaa ya kujengea, ndoo moja ya chokaa ikiongezwa hapo inalainisha kazi na kupunguza nyufa. Watu wanaweka saruji nyingi wakidhani wanaongeza nguvu, lakini mchanganyiko mkali unasinyaa na kupasuka. Changanya kiasi utakachokimaliza katika saa moja. Ulioanza kukauka usiuongezee maji na kuurudia.

Tofali lililokatika litolewe na kubadilishwa. Ufa wa ngazi ushonwe kwa matofali mazima kama tulivyoeleza kwenye kona. Baada ya kazi mwagilia maji mara mbili au tatu kwa siku, siku 7, ukifunika kwa magunia yaliyoloa. Kama maji ya kunywa yenyewe ni ya foleni, tumia yale ya kufulia yaliyotulia, yasiyo na povu.

Msingi uliozama ni kazi ya fundi. Neno moja tu la usalama: asichimbe mtu chini ya ukuta wote kwa mara moja. Huchimbwa kipande cha kama mita moja, kinajengwa, kinakauka, ndipo kinafuata kingine ambacho hakijagusana nacho.

Nchi inayotikisika

Sisi tunaotoka pande za maziwa haya tunajua kwamba ufa una maana nyingine pia. Tarehe 5 Desemba 2005 tetemeko la kipimo cha 6.8 katika Ziwa Tanganyika liliangusha nyumba Kalemie. Tarehe 3 Februari 2008, Jumapili, lingine lilipiga Bukavu na Rusizi, na miongoni mwa majengo yaliyoanguka upande wa Rwanda lilikuwamo kanisa. Tarehe 10 Septemba 2016 ilikuwa Bukoba, kipimo cha 5.9, na nyumba za matofali ndizo zilizoumia sana. Baada ya Nyiragongo kulipuka tarehe 22 Mei 2021, ardhi ya Goma ilitikisika siku nyingi, na nyufa zikaonekana barabarani na katika nyumba.

Ukuta ambao kona zake hazijafungana huachana mara moja ardhi ikitikisika. Kwa hiyo ule ufa wima wa kona, ambao siku za kawaida unaingiza baridi tu, usiuache ukae mwaka hadi mwaka. Na baada ya tetemeko lolote, hata dogo, zunguka nyumba nje kwanza kabla ya kuingia kulala.

Nani atafanya

Nehemia 3 ni sura ya majina, na wengi huichoka. Lakini angalia jinsi kazi ilivyogawanywa. Zaidi ya mara moja tunaambiwa mtu alijenga kuelekea nyumba yake mwenyewe. Katika mstari wa 12 Shalumu, mwana wa Haloheshi, alijenga pamoja na binti zake, basi asije mtu akasema kushika mwiko ni kazi ya wanaume tu. Katika mstari wa 5 wakubwa wa Watekoa hawakutaka kuinamisha shingo kufanya kazi. Watu wao hawakuwangoja. Walimaliza sehemu yao, na katika mstari wa 27 wanaonekana tena wakijenga sehemu ya pili. Ukuta wote ulimalizika kwa siku 52.

Si kila mtu ana nguvu ya kujenga kuelekea nyumba yake. Kuna bibi anayelea wajukuu, kuna mgonjwa, kuna watoto wanaokaa peke yao. Nyumba zao ndizo zenye nyufa kubwa, kwa sababu hakuna wa kuzitengeneza mapema zikiwa ndogo. Vikundi vya nyumbani vinaijua milango hiyo. Kazi ya kukanda udongo na kubeba maji inahitaji watu sita au saba na siku moja, na fundi mmoja wa kuwaelekeza. Mwenye nyumba asidaiwe chakula.

Maswali ya kujadili katika vikundi

1. Kuhani alitoa vyombo nje kabla ya kuukagua ukuta. Nyumbani kwako, kitanda cha watoto kiko upande gani wa ukuta, na je, kinaweza kuhamishwa leo?

2. Hanania alisema miaka miwili, Yeremia akasema 70. Ni kazi zipi tumeziahirisha kwa sababu tulidhani tutaondoka karibuni?

3. Someni tena Ezekieli 13:10-12. Katika kanisa letu, ni wakati gani tunapaka chokaa?

4. Tembeeni pamoja katika mtaa wa kikundi chenu, mkiwa na penseli na njiti ya kiberiti. Andikeni nyumba tatu ambazo haziwezi kungoja mvua, mkianza na za wale wasio na wa kuwasaidia, na mpeleke orodha kwa wazee wa kanisa kabla ya Jumapili.